Binti wa kidato cha sita anakesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, na sasa nimekuta vidonge: naombeni ushauri

Mama wa Kihonda aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Nina binti anayesoma kidato cha sita katika shule ya bweni, tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kwa sasa yupo nyumbani kwa likizo fupi kabla ya kurudi kufanya mtihani wa taifa wa mwezi Mei. Ni mtoto mwenye bidii tangu shule ya msingi na sijawahi kumsukuma asome. Kinachonitia wasiwasi ni namna anavyosoma sasa. Chakula cha usiku kikiisha anaingia chumbani na madaftari yake, anafungua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, likiisha anafungua jingine, na mara nyingi adhana ya alfajiri humkuta bado yuko mezani. Asubuhi mikono inamtetemeka, analalamika kwamba moyo unamwenda mbio, na chai anaisukuma pembeni kwa kuwa tumbo limejaa gesi. Nikimwambia apumzike, ananijibu kwamba bwenini kwao karibu kila msichana anayetaka daraja la kwanza anafanya hivyo, na kwamba asiyekesha ataachwa.

Wiki hii, wakati nakunja nguo zake, nimekuta vidonge vyeupe vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Havina pakiti wala jina. Nilimwuliza kwa upole, akanieleza kwamba alipewa na rafiki yake ambaye kaka yake yuko chuo kikuu, kwamba huko wanavimeza wakati wa mitihani ili kufungua akili, na kwamba yeye alikuwa akivitunza kwa ajili ya wiki ya mtihani wenyewe. Anasema hajameza hata kimoja, na mimi namwamini.

Baba yake anaona ninakuza jambo, kwa sababu zamani nao walikesha kwa kahawa nyeusi na wakafaulu. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye taaluma na kutoka kwa walimu. Je, vinywaji hivi vinamsaidia kweli kufaulu, au vinamzuia tu kulala? Vidonge vya namna hii vinaweza kuwa nini? Na nizungumze naye vipi, ili asione kwamba mama yake anamvunja moyo wakati mtihani umeshabisha hodi?

Mfamasia wa Kanda ya Ziwa alijibu:

Pole sana mama, na hongera kwa kumwuliza binti kwa upole, maana angefokewa huenda usingejua habari za vidonge hivyo vimetoka wapi. Naanza na vidonge kwa sababu ndivyo vyenye hatari kubwa zaidi. Kidonge kisicho na pakiti, jina, kiwango cha miligramu wala tarehe ya kuisha muda wake hakiwezi kutambuliwa kwa kukitazama tu, hata na mfamasia wa miaka mingi. Dawa ambazo wanafunzi wa vyuo katika nchi nyingi huzitafuta kwa lengo hilo ni hasa tatu: methailifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Ritalin, amfetamini, kama zilizomo ndani ya Adderall, na modafinili. Mbili za kwanza hutolewa kwa watu wenye tatizo la kudumu la kushindwa kutulia na kuzingatia jambo, na ya tatu hupewa wagonjwa wa nakolepsi, yaani watu wanaozidiwa na usingizi mchana bila kuweza kujizuia. Methailifenideti na amfetamini zimo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kwa hiyo hazipaswi kutolewa bila cheti cha daktari. Hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, huondoa hamu ya kula, hufukuza usingizi, na kwa baadhi ya watu huleta hofu kali.

Hata hivyo, hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba vidonge vya binti ni mojawapo ya hizo. Kinachopitishwa mkono kwa mkono kwa jina la kidonge cha akili chaweza kuwa dawa ya mafua, dawa ya maumivu yenye kuleta uraibu kama tramado, au kitu kingine kabisa. Naomba usivitupe jalalani wala chooni. Vipeleke kwenye duka la dawa lenye mfamasia aliyesajiliwa au kituo cha afya ili viteketezwe inavyopaswa.

Kuhusu vinywaji, kinachofanya kazi humo ni kafeini, na ni vema binti aelewe inafanyaje kazi. Tangu mtu anapoamka, ubongo wake hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyomwelemea. Kafeini huwahi kukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, kama abiria aliyewahi kiti cha daladala. Waliokosa viti hawajashuka, wamesimama tu, na wanaendelea kuongezeka. Kafeini ikipungua, uchovu wote uliokuwa umezuiwa humshukia mtu kwa pamoja.

Sasa tazama saa. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa 5, ingawa watu hutofautiana sana. Binti akimaliza makopo mawili ya aina hiyo saa nne usiku, saa tisa usiku bado ana miligramu kama 80 mwilini, na saa mbili asubuhi, wakati msimamizi anagawa karatasi za mtihani, zimebaki kama 40. Ndiyo maana hata akijilaza alfajiri usingizi wake unakuwa mwepesi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini zilizonywewa saa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima.

Kwa heshima kwa baba, kikombe kimoja cha kahawa nzito kinaweza kuwa na kafeini sawa na ya kopo, au hata zaidi, kwa hiyo sisemi kwamba kahawa ni njema na kopo ni ovu. Jambo la kuangalia ni kiasi na saa. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku na 200 kwa mara moja, na kwamba kwa watoto na vijana wanaobalehe kiasi kisichotia wasiwasi ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Msichana wa kilo 50 ambaye bado hajawa mtu mzima hufikia mpaka wake kwa miligramu 150, yaani chini ya makopo hayo mawili. Tena makopo hayo mawili yana takriban gramu 54 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Soma lebo za hayo anayokunywa, kwa kuwa aina hutofautiana na makopo makubwa ya nusu lita yanaweza kuwa na miligramu 160 kila moja.

Kuna jambo moja ambalo huku kwetu halisemwi vya kutosha. Wasichana wa bweni hupata maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara, na wengi hupewa antibiotiki ya siprofloksasini. Dawa hiyo hupunguza uwezo wa ini kuivunja kafeini, hivyo kopo lile lile ambalo jana halikumsumbua linaweza leo kumwendesha moyo mbio na kumkosesha usingizi usiku kucha. Kama yuko kwenye dawa hiyo, au ana pumu na anatumia salbutamo ambayo nayo huharakisha moyo, aache vinywaji hivi kabisa. Na akipata maumivu ya kifua, akizimia, au mapigo yakiruka hovyo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanachuo wa Udaktari alijibu:

Shikamoo mama. Nakubaliana na mfamasia kuhusu vidonge, ila kuhusu kafeini naomba tuseme ukweli wote, kwa sababu binti akiambiwa kwamba haifanyi kazi atajua kuwa si kweli, na hatasikiliza lingine lolote. Kafeini inafanya kazi. Mtu aliyechoka akinywa kikombe kimoja huwa macho, hujibu haraka na hasinzii. Kinachokosekana ni kwamba haiwezi kufanya kazi ya usingizi. Mambo tuliyojifunza mchana hupangwa na kuimarishwa katika ubongo wakati tumelala, na anayekesha ili asome sura tatu za ziada anakata muda ambao ubongo wake ungetumia kuzihifadhi zile alizozisoma kabla ya hapo.

Upo utafiti wa Australia uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997 ambao naona kila mtahiniwa angefaa kuujua. Watu waliokaa macho saa 17 mfululizo walifanya majaribio ya umakini kwa kiwango sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na waliofikisha saa 24 walikuwa sawa na mwenye asilimia 0.10. Hakuna mzazi ambaye angemruhusu mtoto wake kuingia chumba cha mtihani wa Fizikia akiwa amelewa.

Kuhusu vidonge vyenyewe, hata vikiwa halisi, faida yake kwa mtu asiye mgonjwa si ile inayosimuliwa hosteli. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne na wenzao walichapisha katika Science Advances jaribio la watu 40 wenye afya waliopewa methailifenideti, deksamfetamini ambayo ni aina ya amfetamini, modafinili au kidonge kisicho na dawa, kisha wakatakiwa kutatua mafumbo ya kuchagua vitu vya kujaza mkoba bila kuzidi uzito uliowekwa. Waliomeza dawa walihangaika kwa muda mrefu zaidi na walibadilisha vitu mara nyingi zaidi, lakini ubora wa maamuzi yao ulishuka. Zaidi ya hapo, wale waliofanya vizuri kuliko wastani bila dawa ndio walioelekea kushuka chini ya wastani walipoimeza. Binti yako, kwa jinsi unavyomweleza, ni wa kundi hilo hilo la waliokuwa vizuri tangu mwanzo.

Haya ninayaona hata tunakoishi. Anayemeza vitu hivi husifiwa kwa kuwa ameandika kurasa nyingi, ila matokeo yakitoka unakuta alieleza kwa kirefu jambo ambalo swali halikuuliza. Wapo pia wanaotafuna mirungi kwa sababu hiyo hiyo, wakijitetea kwamba ni majani tu na kwamba jirani zetu wa Kenya wanailima miraa kihalali. Kwa sheria ya Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya, na kemikali ya kathinoni iliyomo ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Mwanafunzi anaweza kupoteza chuo na uhuru wake kwa ajili ya usiku mmoja.

Baba wa Wawili aliuliza:

Nawashukuru kwa maelezo. Naomba kuongeza swali ambalo linanisumbua. Mwanariadha akimeza dawa ya kumwongezea nguvu ananyang'anywa medali. Kwa nini mtahiniwa anayemeza kidonge cha akili asihesabiwe kuwa amefanya udanganyifu sawa na aliyeingia na karatasi yenye majibu?

Mwalimu wa Kemia alijibu:

Ndugu yangu, mfano wako upo karibu sana na jambo lenyewe. Kelli White wa Marekani alishinda mbio za mita 100 na 200 katika mashindano ya dunia ya Paris mwaka 2003, akakutwa na modafinili, na ushindi huo akanyang'anywa. Kafeini, kwa upande wake, iliondolewa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa michezoni mwaka 2004. Katika elimu, Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kiliandika mwaka 2011 katika kanuni zake kwamba kutumia dawa za cheti bila idhini ya daktari ili kuongeza ufaulu ni aina ya udanganyifu. Kwa hiyo wazo lako lina watu makini nyuma yake. Hata hivyo, mimi nikiwa mwalimu wa bweni siwezi kumwita mdanganyifu msichana anayetetemeka mikono kwa kuogopa kuachwa na wenzake. Yeye ndiye anayeumia, na sisi watu wazima tumechangia kumfikisha hapo. Tunamsifu mbele ya mstari mwanafunzi aliyekutwa darasani usiku wa manane, na katika shule nyingine duka la shule lenyewe linauza makopo haya, halafu tunashangaa. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 tangu 2014, na Poland ikafuata Januari 2024. Sisi tungeweza kuanza na jambo dogo tu la kuyaondoa katika maduka yaliyo ndani ya uzio wa shule, na sioni kwa nini mkuu wa shule asubiri waraka ili afanye hivyo.

Sasa niseme na mama. Katika miaka yangu ya kusimamia prepo, yaani vipindi vya kujisomea usiku, nimeona kwamba wanafunzi wanaokesha kwa kawaida hawafanyi maswali. Wanasoma daftari lile lile upya, wanapigia mistari, wanahisi kwamba wameelewa kwa sababu macho yameyazoea maneno hayo. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha Marekani kwamba waliorudia kusoma andiko walikumbuka vizuri kidogo baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamefunga kitabu na kujaribu kukumbuka wenyewe waliwapita kwa mbali. Hilo ndilo badiliko litakalomwongezea alama binti yako kuliko kopo lolote. Achukue mtihani uliopita wa Kemia, aweke saa mezani, afunge daftari, aandike. Anapokwama ndipo afungue kitabu, asome mahali hapo tu. Saa mbili za kazi hiyo mchana zinachosha kweli kweli, na atakayezifanya hatahitaji kuambiwa alale.

Tena mazoezi hayo ayafanye saa mbili asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa ya karatasi za asubuhi. Kijana aliyezoea kuwa macho saa tisa usiku na kusinzia asubuhi amejifundisha kuwa na akili katika saa ambayo hakuna mtihani. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa walio na miaka 13 hadi 18, na kwa mtu mzima angalau saa 7. Bwenini, kengele ya kuamka hailingani na mapendekezo hayo, najua, lakini nyumbani kwako unaweza kumpa taa izimwe saa nne na aamke saa kumi na moja, pamoja na usingizi mfupi wa mchana.

Namna ya kuzungumza naye: usianze kwa kumkataza. Mwambie umesikia hofu yake ya kuachwa, kisha mwombe ajipime. Afanye karatasi moja ya zamani baada ya usiku wa makopo, na nyingine ya somo hilo hilo baada ya usiku wa kulala, azisahihishe mwenyewe kwa mwongozo. Mtoto wa sayansi huheshimu matokeo aliyoyapata kwa mkono wake. Na nakuomba uzungumze pia na matroni kabla binti hajarudi, bila kumtaja rafiki aliyempa vidonge kwa jina. Mwambie kwamba vidonge visivyojulikana vinazunguka bwenini, ili wasichana wote waelimishwe pamoja na pasiwe na mmoja wa kubebeshwa aibu.

Mama wa Kihonda alijibu:

Mwalimu, mfamasia, mwanangu wa udaktari, nawashukuruni sana. Nimempa binti asome majibu yenu yote mwenyewe. Vidonge tumevipeleka pamoja kituo cha afya. Lile la kujipima amelikubali na ameanza na Baiolojia. Tatizo lililobaki ni kwamba jana aliamua mwenyewe kuacha makopo moja kwa moja, na leo tangu mchana kichwa kinamgonga, amekosa raha na hawezi kusoma chochote. Sasa anaogopa kwamba bila vinywaji hivi ubongo wake haufanyi kazi tena. Je, hiyo ni kawaida?

Mfamasia wa Kanda ya Ziwa alijibu:

Ni kawaida kabisa, mama, na mwambie hajaharibika kitu. Mwili uliozoea kafeini kila siku ukinyimwa ghafla huanza kuuma kichwa kati ya saa 12 na 24 tangu kafeini ya mwisho, huwa na uchovu, hasira na ugumu wa kuzingatia, na hali hiyo inaweza kudumu kuanzia siku 2 hadi 9 kisha ikaisha yenyewe. Ndiyo sababu sipendi mtahiniwa aache kwa mkupuo wiki ya mtihani yenyewe. Kwa kuwa wiki kadhaa bado zipo, apunguze taratibu. Anywe kopo moja au kikombe kimoja cha kahawa asubuhi, baada ya chai na kitafunwa, na asiguse kafeini nyingine baada ya saa sita mchana, ikiwemo soda za kola na chai ya rangi nzito. Baada ya siku chache aende nusu, kisha chai ya kawaida ya asubuhi tu, ambayo anaweza kubaki nayo hadi mtihani uishe. Siku ya mtihani asijaribu kitu chochote ambacho mwili wake haujakizoea.

Maji anywe ya kutosha. Kichwa kikizidi anaweza kumeza parasetamo ya kawaida kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, lakini hakikisha ni ya kawaida, kwa sababu kila kidonge cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini. Akimeza viwili usiku ili kichwa kitulie, atakuwa amekunywa zaidi ya kopo moja na nusu bila kujua.